Saa ya Bwana Athmani na Kadi Iliyomrudisha Omari

Wanangu mnaojifunza kazi ya kompyuta hapa Amu, kabla hamjashika waya wowote, ulizeni kwanza nani ni shemeji ya nani. Najua walimu wenu hawawafundishi hilo. Wanawafundisha anwani za mashine, nywila na ruhusa za mafaili, na wanafanya vyema, yajueni yote hayo. Lakini mimi nimeunganisha kompyuta katika mji huu tangu enzi ambazo ofisi nzima ilikuwa na moja tu, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Nawaambia hivi: mashine mbili zikigombana, nyuma yake wapo watu wawili.

Mimi naitwa Bi Waya. Wazazi wangu walinipa jina zuri kuliko hilo, lakini limebaki kwenye kitambulisho, hata wajukuu zangu wamelisahau. Sasa nimestaafu. Kustaafu Amu maana yake watu wanakuita vilevile, ila sasa wanadhani wanakusaidia kunyoosha miguu.

Katika kazi hii nilikuwa na bahati moja ambayo mafundi wanaume hawakuwa nayo. Wao wakibisha hodi nyumba za mtaa wa Mkomani, huketishwa daka, pale kibarazani mlangoni, wakaletewa kahawa chungu, kisha kompyuta ikateremshwa kwao ngazi baada ya ngazi, imefunikwa kanga. Sasa utatengenezaje mtandao ikiwa umeletewa mashine moja barazani, na zenzake ziko juu? Mimi nilipanda mpaka ndani. Nilijua mtandao wa kila nyumba, na nilijua pia nani kapika nini na nani hasemi na nani.

Aliyenifundisha kazi ni fundi mmoja wa Mombasa, Bwana Jafari, mtu mnene mwenye vidole vyembamba, aliyekuja kwa wiki mbili akaishia kuoa hapa hapa. Alikuwa mkali wa maneno. Siku moja nilimwambia kompyuta imeniongopea, akanikata kauli: "Kompyuta haina fitina, Bi. Ukiona imesema uongo, kuna mtu kaidanganya kwanza." Nilicheka wakati ule. Baadaye maneno hayo yalinisaidia kuliko vitabu vyote alivyoniachia.

Basi tuanze na kuta. Fundi kutoka bara akija hapa huweka rauta moja chumbani, akatangaza kwamba nyumba nzima imepata mtandao. Mwacheni atangaze. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, na unene wake mtu anaweza kutandika mkeka ndani ya dirisha akalala. Mawimbi ya rauta yakifika hapo hayaendi mbali. Pitisheni waya, na mpitishe juu, kando ya boriti. Mkivuka kichochoro, vukeni juu kabisa, si kwa kimo cha punda aliyebeba magunia ya mchanga. Kimo hicho nakijua vizuri, na mwenye punda ananijua pia, kwa sababu tulitukanana mpaka adhana ikatuamua.

Na rauta isogezwe na fundi peke yake. Bibi mmoja aliona rauta yangu mbaya, akaihamishia kwenye kidaka, kile kishubaka cha ukutani cha kupangia vyombo vya kauri. Akaiweka nyuma ya sahani ya marehemu mamake, na mbele ya sahani akaweka chetezo. Nilipoitwa, rauta ilikuwa imeyeyuka upande mmoja na inanukia udi. Katika maisha yangu nimezika rauta nyingi, lakini hakuna iliyokufa kwa heshima kama ile.

Sasa ruhusa. Nimewaona vijana wengine mkichoka kufikiri mnampa kila mtu ruhusa ya kila kitu, kisha mnaondoka haraka. Nyumba zenu wenyewe zinawafundisha. Mgeni anaishia daka. Jamaa anaingia msana, ule ukumbi wa watu wa nyumbani. Ndani kabisa anaingia mwenye haki ya kuingia. Folda za ofisi nilizozitengeneza nilizipa majina hayo hayo. Daka ilisomwa na kila mtu, Msana iliandikwa na wafanyakazi, na Ndani ilikuwa ya mwenye mali na mtu wake mmoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza maana yake. Mzee aliyekuwa hajui hata kushika kipanya alielewa mara moja kwamba mtu wa Daka hafungui jokofu.

Kazi ngumu ni pale mashine zinapokuwa za makabila mbalimbali. Windows ni ya mwenye ofisi. Mac imekuja na mtoto aliyesoma mbali. Linux umeiweka wewe, kwenye mashine kuukuu iliyokuwa itupwe, ili iwe ghala ya mafaili ya wote. Kila moja ina tabia zake. Ukiandika Harusi kwa herufi kubwa na harusi kwa herufi ndogo, Linux itakwambia hao ni watu wawili, na Windows itaapa ni mtu mmoja. Mac ikipita kwenye folda huacha makombo, vifaili vidogo vilivyojificha, na mwenye Windows akiyaona hupiga kelele kwamba ameingiliwa. Na jina la faili lenye alama ya kuuliza, Mac italipokea kwa mikono miwili, Windows itagoma mlangoni. Kwa hiyo andikeni majina kwa herufi ndogo, bila madoido. Ipeni ghala anwani isiyobadilika, watu waikute pale pale kila siku kama msikiti. Na kila mfanyakazi awe na jina moja na nywila moja mashine zote, asijiite Abu hapa na Abubakari kule.

Nilijua yote hayo, wanangu, na bado kadi moja ya harusi ilinitoa jasho.

Bwana Athmani alikuwa na ofisi ya uchapaji, orofa ya kwanza ya nyumba ya baba yake hapo Mkomani. Alichapa kadi za harusi, orodha za vyakula za mikahawa, na matangazo ya shule. Alikuwa mtu mwema, mwenye kofia safi, na mwenye yakini. Hakuna jambo ambalo hakuwa na yakini nalo. Ofisini walikuwa watu wawili. Salma, binti wa ndugu yake, aliyekulia Nairobi, alichora kadi kwenye Mac yake. Mwanaidi, mwanamke wa kijiji cha Matondoni mwenye jicho la mwewe kwa makosa ya maandishi, alisoma na kusahihisha kwenye kompyuta ya Windows iliyokuwa mezani mbele ya dirisha. Jioni Mwanaidi akiondoka, Bwana Athmani aliketi pale pale kwenye mashine hiyo hiyo kusoma magazeti.

Mimi ndiye niliyewaunganisha. Umeme wetu mnaujua, kwa hiyo sikutaka kazi isimame kila ghala inapozimika. Kila mashine ilikuwa na nakala yake ya mafaili. Ghala ikiwaka, programu ililinganisha nakala kila baada ya dakika chache, na sheria ilikuwa moja tu, kwamba faili lililoandikwa karibuni ndilo linaloshinda, na lile la zamani linafutwa. Sheria nzuri. Ilifanya kazi miezi mingi bila neno, mpaka ilipoanza kufanya vituko.

Mwanaidi alisahihisha orodha ya mkahawa, baada ya muda makosa yakarudi. Akasahihisha tena kesho yake asubuhi, masahihisho yakakaa. Tangazo la shule likafanya vivyo hivyo, leo lakaa, kesho lageuka. Bwana Athmani akasoma Ayatul Kursiyu juu ya printa. Hakuna aliyeniita, kwa sababu printa ilionekana imetulia.

Ndipo ikaja kadi ya Aisha.

Aisha alikuwa akiolewa na kijana aitwaye Hafidhi. Mwaka uliotangulia alikuwa ameposwa na mwingine, Omari, na mama yake Aisha, Bi Maryamu, alimkataa Omari kwa adabu zote, kwa chai na visheti. Omari akapiga moyo konde akaoa kwengine, na kadi ya harusi yake ilichapwa ofisini kwa Bwana Athmani. Salma alipotengeneza kadi ya Aisha, alifanya wanavyofanya wachoraji wote wenye kazi nyingi. Aliichukua kadi ya Omari kuwa kiolezo, akabadilisha maua, rangi na jina la bibi harusi, akamwachia Mwanaidi amalizie jina la bwana harusi. Mwanaidi akaandika Hafidhi. Salma akauliza, umesahihisha? Akajibiwa, nimesahihisha. Zikachapwa.

Bunda la kwanza lilipofika kwa Bi Maryamu, alivaa miwani na kusoma kwamba binti yake Aisha anaolewa na Omari.

Sasa rudini kwenye lile neno langu la kwanza. Omari ni ndugu yake nani? Ni ndugu yake Mwanaidi, baba mmoja mama mmoja.

Nilipigiwa simu saa tatu asubuhi. Nilipopanda ngazi nilimkuta Bi Maryamu ameketi kwenye kiti cha wateja, bunda la kadi mapajani, amelishika kwa mikono miwili kana kwamba litakimbia. Mwanaidi alikuwa upande wa pili, ameshavaa buibui, mkoba begani, macho mekundu. Salma alikuwa anajifanya anatafuta kitu ndani ya mtoto wa meza.

"Fundi mekuya," Bwana Athmani akasema, kama mtu anayetangaza kufika kwa daktari.

"Sihitaji fundi mie," akasema Bi Maryamu. "Yambo liko wazi. Mwanamke huyu twalimkatalia ndugu yake, sasa alipiza kisasi. Ina la Omari, mume wa mtu, katika kadi ya mwanangu! Zingetoka hizi, mui mzima ungesemaje? Na mke wa Omari je?"

"Wallahi Bi Maryamu, niliandika Hafidhi," Mwanaidi akasema. "Niliandika kwa mkono wangu, nikaliona kwa mato yangu."

"Basi ni nani alofuta? Paka?"

Mimi nilimjua Mwanaidi. Alikuwa mjane mwenye watoto, na kazi ile ndiyo iliyomtoa Matondoni kila alfajiri. Lakini kazi ni kazi, hupatikana nyingine. Jina la mfitini wa harusi, katika mji huu, halipatiwi jingine. Hakuna nyumba ambayo ingemkaribisha tena penye shughuli, na binti zake wangekuja kuulizwa habari hiyo siku watakayoposwa.

Bwana Athmani akanivuta kando dirishani. "Bi Waya, nakuheshimu. Mtafute huyo paka. Lakini adhuhuri nikitoka msikitini nataka neno. Bi Maryamu ni ndugu wa mke wangu, siwezi kumrudisha nyumbani na maneno matupu. Ikiwa hakuna ndia nyingine, Mwanaidi itabidi aende."

Nikaanza kazi. Nilifuata waya kando ya boriti mpaka mwisho wake, nikamtoa mjusi mmoja aliyekuwa na familia nyuma ya kisanduku cha ghala. Waya mzima. Nikaangalia ruhusa, Mwanaidi anaruhusiwa kuandika Msana kama kawaida. Nikaangalia majina. Salma alikuwa na kadi, na kadi mwisho, na kadi mwisho kabisa, na moja ilikuwa inaitwa kadi mwisho wallahi.

"Salma mwanangu, hii wallahi ni ya nini?"

"Aunty, hiyo ndiyo final. Nikisha-apa sibadilishi tena."

Nilitamani iwe hiyo, nimshike Salma na tumalize. Lakini Mwanaidi alisahihisha faili hilo hilo lenye kiapo, na Salma alichapa hilo hilo. Nikaangalia ghala. Ilikuwa na afya kuliko mimi. Bi Maryamu hakuondoka. Kila nilipofungua kitu alisogeza kiti chake hatua moja karibu yangu, akinusa kama anakagua biriani.

"Umeona?" akaniuliza.

"Bado, Bi."

"Utaona nini na hakuna cha kuona."

Muda ulikwenda. Niliketi mbele ya mashine ya Mwanaidi, nimeishiwa. Nilikuwa naitazama ile skrini nzima, kila pembe yake, na kila kitu kilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonikera. Kila kitu kilikuwa sawa.

Mwanaidi akainama juu ya bega langu akatazama pembe ya skrini. "Saa sita na dakika kumi," akasema kwa sauti ya kukata tamaa. "Naenda kutia udhu, usije ukafutwa na huo pia nikaambiwa ni mie."

Nikaitikia kwa kichwa. Akafika mlangoni. Kisha nikaruka kitini, Bi Maryamu akadhani nimeumwa na nge.

Wanangu, mimi nimezitazama saa za kompyuta maisha yangu yote ya kazi, na kila nikizitazama hufanya hesabu bila kujua. Ikionyesha nane, mimi husema saa mbili. Ikionyesha kumi na mbili, mimi husema saa sita. Nyinyi pia mnafanya hivyo, na simu zenu zimewazoesha. Sasa Mwanaidi ametazama skrini akasema saa sita na dakika kumi, nami nimetazama skrini ile ile asubuhi nzima, na sikufanya hesabu yoyote. Skrini yenyewe ilikuwa imeandika sita na dakika kumi. Nikageuka kuitazama Mac ya Salma. Kumi na mbili na dakika kumi.

Mtu wa nchi nyingine angeliona kosa hilo siku ya kwanza. Sisi hatukuliona hata mmoja wetu, kwa sababu kwa macho ya mtu wa Amu saa ile ilikuwa inasema kweli.

Sikusema neno. Nakiri nilifurahi mno, na nikifurahi huwa mkorofi. Nilingoja watu waswali. Bwana Athmani akarudi na kofia yake, akasimama katikati ya chumba kama kadhi. "Haya, Bi Waya. Paka yuko wapi?"

"Salma," nikasema, "fungua kadi ya Bi Aisha, uihifadhi upya hivyo hivyo na kosa lake."

Salma akaihifadhi. Tukangoja dakika chache mpaka ikafika kwenye mashine ya Mwanaidi. Nikaifungua. Jina la Omari likatokea, na Bi Maryamu akaguna.

"Sasa Mwanaidi akae mbali, kule dirishani, mikono nje ya buibui ionekane. Bi Maryamu, wewe uje hapa. Utalisahihisha jina mwenyewe."

"Mimi? Mie sijui madude hayo."

"Kidole kimoja chatosha."

Alikuja. Alifuta herufi moja moja, akaitafuta H kwa muda mrefu mpaka Salma akataka kumsaidia nikamkanya kwa jicho. Aliandika Hafidhi kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kwa nguvu, kama anayebonyeza unga kuona kama umeumuka. Nikamwonyesha pa kuhifadhi, akahifadhi. Nikamwomba alisome jina kwa sauti watu wasikie. Akalisoma. Nikalifunga faili, nikamwambia Salma alete kahawa.

Tulikunywa kahawa. Nilipoona dakika zimetosha nikamwambia Bi Maryamu alifungue tena mwenyewe. Akabonyeza mara mbili nilivyomwelekeza. Kadi ikafunguka. Akavaa miwani, akaivua, akaipangusa kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena.

Omari.

"Ah! Bi Maryamu," nikasema, "kumbe na wewe bado wamtaka Omari?"

Salma alicheka mpaka akatema kahawa. Bi Maryamu alibaki ameduwaa, kile kidole bado kimeinuka hewani. Kisha aligeuka polepole akamtazama Mwanaidi kule dirishani, na uso wake ukabadilika. Mtu kama Bi Maryamu haombi radhi mbele ya wenye ofisi.

Nikawaeleza. Kompyuta inapohifadhi faili hulipiga muhuri wa saa. Salma akihifadhi saa mbili na nusu asubuhi, Mac inaandika nane na nusu. Mwanaidi akisahihisha saa tano, mashine yake inaandika tano. Programu yangu inalinganisha, inaona ya Mwanaidi ni ya alfajiri na ya Salma ni ya asubuhi, inaitupa ya Mwanaidi kwa roho safi kabisa. Kazi aliyoifanya kesho yake, kabla Salma hajaigusa, ilisalimika. Ndiyo maana leo yakaa, kesho yageuka.

"Sasa," nikauliza, "nani aliyeigeuza saa ya mashine hii?"

"Mimi," akasema Bwana Athmani, kifua mbele. "Niliirekebisha. Ilikuwa yenda kombo tangu niliponunua. Nakaa hapa jioni, adhana ya magharibi yalia, nayo yasema saa sita na kitu. Magharibi gani ya saa sita? Nikaitengeneza ikawa sawa na saa ya ukutani, ikajirudisha. Nikatafuta inapojirudishia nikapazima."

Bwana Jafari, Mungu amrehemu, angeifurahia siku ile. Mashine ilikuwa haina fitina hata chembe.

Mwanaidi alivua mkoba begani akaurudisha chini ya meza yake. Sikumwona akilia asubuhi yote, lakini hapo alilia, na mimi nikalia naye kidogo, kisha tukanywa kahawa iliyobaki.

Mngedhani hapo ndipo mwisho. La. Nilipotaka kuirudisha saa, Bwana Athmani aliweka mkono juu ya kipanya. "Bi Waya, makosa nimeyakubali. Lakini nti hii ina saa yake. Jua likichomoza ni saa kumi na mbili, baada ya hapo ni saa moja. Nyumba hii ilijengwa na babu yangu na haijapata kuonyesha saa ya watu wengine. Tafuta ndia."

Hapa ndipo ninyi mtege sikio. Kompyuta ina saa mbili. Moja ni ya ndani, ambayo mashine zote za ulimwengu zinakubaliana, na ndiyo inayopiga muhuri. Nyingine ni ya usoni, ambayo hutegemea mji uliouchagua. Ukigeuza mishale ya saa unaivuruga ile ya ndani. Ukibadilisha mji, unabadilisha uso tu. Kwa hiyo nililazimisha mashine zote zichukue saa ya ndani kutoka ghala, hata Bwana Athmani asiweze kuigusa. Kisha kwenye mashine ile ya dirishani nikatafuta mji ulio mbele yetu kwa saa sita kamili, nikaupata Tokyo. Nikaondoa alama za asubuhi na jioni. Skrini ikasema saa saba na robo, na saa ya ukutani ikasema saa saba na robo. Bwana Athmani akaridhika. Tangu siku hiyo meza moja ya Mkomani iko Ujapani.

Siku chache baadaye, Alhamisi, akanipigia simu pumzi zikimwishia. "Bi Waya! Hawa Wajapani ni watu gani? Jua lazama hapa, nami natazama, tarehe yaruka yenyewe yawa Ijumaa! Magharibi hasa, kama wazee walivyokuwa wakihesabu siku! Mashine zetu zote zilikuwa hazijui jambo hili!" Wallahi mimi sikuwa nimelifikiria. Nikaacha anisifu.

Na pale kwenye ghala niliongeza folda moja, nikaiita Jaa. Faili linaloshindwa halifutwi tena, linatupwa jaani, linakaa huko wiki kadhaa. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza, msingoje kadi ya mtu. Siku ile kama jaa ingekuwepo, ningelimtoa Hafidhi humo mzima mzima kabla ya chai ya saa nne.

Kadi zilichapwa upya, lakini maneno ya mji hayachapwi upya. Kuna waliokuwa wameshasikia nusu ya habari, na nusu waliyoisikia ni ile ya Mwanaidi. Siku ya kumpamba bibi harusi, wanawake tumejaa ukumbini, asumini kila kichwa, Mwanaidi akaingia akakaa pembeni ya mlango, karibu na viatu, kwa sababu hakuwa na uhakika na mahali pake. Niliona wawili wakisogezeana vichwa.

Bi Maryamu naye aliona. Aliinuka mbele ya ukumbi mzima, akapita katikati ya watu, akamshika Mwanaidi mkono, akaja naye mpaka mbele, akamketisha kwenye mkeka wa wenye shughuli, baina yake na mama yake Hafidhi. Kisha akasema kwa ile sauti yake ya kuita watu wa ng'ambo ya kichochoro:

"Mwasikia maneno ya kadi? Nisikizeni mie mwenye mwana. Aloandika Omari ni mimi. Mwanaidi alikuwa kule dirishani. Niliandika mimi, kwa chanda hichi."

Akakiinua juu, kile kile cha mkono wa kulia, kilichotiwa hina mpaka kwenye ukucha, na hakukishusha mpaka alipohakikisha hata waliokaa nyuma wamekiona.